Mitihani Mitatu ya Sandwichi

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Mke wangu amepata nafasi ya kusomea ukunga! Miezi sita, mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Ameisoma mara tatu akiwa bado kasimama mlangoni na viatu vyake vya kazi. Nikamwambia hongera, nikampa mkono kama mgeni rasmi. Kisha nikajifungia bafuni, nikaketi juu ya ndoo na kuwaza.

Miezi sita! Nani atacheka vichekesho vyangu? Kazini kwangu, kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi, hakuna anayecheka. Sitaki aende. Naandika humu kwa sababu mahali pengine siwezi kusema.

Jibu linatakiwa Ijumaa, masomo yanaanza Jumatatu ijayo. Kinachomzuia ni kimoja tu: mimi. Anasema katika miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kuniona nikijipikia chochote, na hataweza kukaa darasani akiwaza kwamba mumewe kaanguka jikoni kwa njaa. Sasa, mke wangu ni muuguzi, na huko wodini yeye ndiye anayewapima wauguzi wanafunzi. Kila kazi mwanafunzi huifanya mara tatu bila kuelekezwa, naye anasimama kando na fomu, saa imening'inia kifuani. Akiridhika mara zote tatu, anatia sahihi. Basi na mimi ameniandalia fomu! Kazi: sandwichi ya yai na nyanya. Muda: dakika kumi. Kesho, keshokutwa na Alhamisi. Nikifaulu zote, anakwenda. Nikifeli hata moja, anaandika barua ya kukataa.

Hata moja! Mtu mzima mwenye akili zake atashindwaje kushindwa? Nimekula chakula cha jioni nikitabasamu peke yangu. Mke wangu akauliza kama nina jino linaloniuma.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: chumvi. Vijiko vinne, tena vilivyojaa. Ganda la yai likadondokea kwenye kikaango, nikaliacha humo humo. Upande mmoja wa yai ukaungua, wa pili ukabaki unatiririka. Nyanya nikaikata vipande vya kuegemezea mlango. Nikaweka sahani mezani, nikanyong'onyea. Na maneno nilikuwa nayo tayari: mke wangu, nimejitahidi, ila sikujaliwa.

Hapo hapo akaingia shemeji. Huyu ni mdogo wa mwisho wa mke wangu, fundi wa kuchomelea mageti, anakaa chumba chetu cha uani "kwa muda". Huu ni mwaka wa tatu. Akaivuta sahani kabla mpimaji hajaonja. Akala yote, na ganda lake! Akasema kashinda juani na motoni tangu asubuhi, mwili ulikuwa unalilia chumvi, na kumbe shemeji yake ana mkono wa mpishi wa harusi. Akalamba vidole kimoja kimoja.

Mke wangu akaangalia fomu yake. Kuna kisanduku kimeandikwa "Mhudumiwa ameridhika". Akatia tiki. Akasema wodini kwao anayeulizwa ni mgonjwa, si muuguzi, na mlaji huyu hana malalamiko. Dakika nane.

Nimefaulu! Sijui nimemkosea nini Mungu hata akanipa shemeji mwenye tumbo la aina hii. Nimekwenda kukaa nje, kwenye ngazi, mpaka hasira ziliposhuka.

Jumatano, 5 Machi

Kazini leo nilikuwa mwili tu. Mteja kaomba misumari, nikampa mabati. Lakini akili ni nywele, na zangu chache zilizobaki zimefanya kazi. Mpango wa leo haumhitaji mlaji. Gesi!

Nikawahi kurudi nyumbani. Nikafunga mtungi, nikachomoa mpira, nikausukuma mtungi nyuma ya gunia la mkaa na kuufunika kanga kuukuu. Gesi ikikosekana, hakuna yai. Yai likikosekana, hakuna sandwichi. Mlango wa uani nikautia komeo ili shemeji asilete kiherehere chake. Na mchana sikula kitu, nionekane dhaifu.

Mke wangu akasimama na fomu. Nikawasha kiberiti mara tatu kwa mbwembwe, nikatangaza kwa masikitiko kwamba gesi imetuishia. Akasema muda unakwenda. Na uende, nikasema kimoyomoyo. Nikaegemea meza nikisubiri dakika kumi zipite.

Tatizo ni njaa. Njaa haina adabu. Mkate ulikuwa pale, siagi pale, nyanya na tango pale, na bakuli la maharage yaliyobaki jana. Sikukusudia mtihani, nilikusudia tumbo! Nikaponda maharage kwa uma, nikapaka, nikapanga nyanya na tango, nikafunika, nikauma. Tamu! Mke wangu akaniomba kipande. Akatafuna huku kafumba macho.

Kisha akaandika, akaandika, akaandika. Kumbe fomu ina kipengele cha "Anabuni njia vifaa vinapokosekana". Amesema katika wanafunzi wote aliowapima, ni wawili tu waliowahi kukipata. Mimi ni wa tatu. Dakika nne! Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, tena bila gesi.

Shemeji alipochoka kubisha hodi akapitia dirishani. Akauona mtungi, akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili kwa nini gesi imevishwa kanga. Mke wangu akautazama mtungi, akanitazama mimi, akaenda kukunja nguo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mwisho. Nimerudi nyumbani na kidole cha shahada kimefungwa bandeji, mkono wa kulia. Juu yake nimedondoshea wino mwekundu wa muhuri wa stoo. Mtu asiye na kidole hakati nyanya, na asiyekata nyanya hana sandwichi. Nikaingia nikigumia kwa maumivu tangu getini.

Jambo moja sikulifikiria, na hata sasa nashangaa nilikuwa na akili gani. Nimempelekea jeraha la uongo muuguzi!

Akaniketisha. Akauliza nimejikata na nini. Nikasema bati. Akauliza bati jipya au lenye kutu. Nikaona lenye kutu lina uzito zaidi, nikasema kutu tupu. Akainuka, akachukua mkoba wake, akasema twende hospitali sasa hivi, sindano ya pepopunda haingoji kesho. Sindano! Shemeji akajitolea kunishika miguu. Jasho likanitoka. Nikasema pengine kutu haikuwa nyingi. Nikasema pengine halikuwa bati. Nikafungua bandeji mwenyewe, kidole kikatoka kizima kabisa, kinene na chenye afya.

Mke wangu akamwambia mdogo wake atupishe kidogo. Akaketi. Akasema alijua tangu Jumanne, maana hakuna anayemwaga vijiko vinne vya chumvi kwa bahati mbaya. Hakupaza sauti. Heri angepaza! Akasema kwa miaka saba anawashika wanawake mikono, anawafuta jasho, anawatia moyo, na mtoto akikaribia kutoka anaambiwa sogea pembeni, mkunga apite. Amechoka kusogea pembeni, na hakudhani kwamba hata nyumbani kwake kuna wa kumsogeza.

Kisha akatoa karatasi safi, akaanza kuandika. Barua ya kukataa.

Nimeshinda! Si ndicho nilichokuwa nakihangaikia wiki nzima? Mbona basi sikufurahi? Nilimwangalia akiandika tarehe kwa ule mwandiko wake mzuri, nikaona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia nitamkosa, nyumba itakuwa kubwa mno, na kwamba naogopa atarudi amekuwa mtu mkubwa anikute mimi bado nahesabu misumari.

Kalamu ikasimama. Akasema, "Ungesema hivyo Jumatatu, mume wangu, tusingepoteza mayai."

Nikainuka. Nikafungua gesi. Yai moja, chumvi kidogo, nyanya nyembamba, siagi mpaka kwenye kingo za mkate. Dakika tisa na nusu. Akala polepole mpaka makombo, machozi yanamtoka, nami nikajifanya nafuta meza. Akatia sahihi kwenye fomu. Ile barua ya kukataa akaichana, akaandika nyingine.

Jumapili, 9 Machi

Ameondoka. Basi la alfajiri. Nilijikaza kiume mpaka basi lilipopinda kona. Shemeji ndiye aliyelia kwa sauti, ikabidi mimi nimbembeleze, watu wanatuangalia. Tumerudi nyumbani nikatengeneza sandwichi mbili. Zilikuwa nzuri. Nikamtafuta wa kumwonyesha, nikamkuta shemeji tu.

Nimepata funzo kubwa wiki hii. Njia ya mwongo ni fupi. Kuanzia leo mimi na hila basi, ni ukweli mtupu. Nimeapa.

Jioni kapiga simu, kafika salama. Nikamwambia nimefurahi. Nilifurahi kweli. Halafu nikakohoa kidogo. Kikohozi chenyewe hakikuwepo, lakini sauti yake ilikuwa tamu, na nilitaka aulize naendeleaje mara ya pili. Akauliza! Nikakohoa tena, kirefu zaidi. Sidhani kama hiyo inaitwa hila.

Jumatatu, 10 Machi

Maafa!

Mama mkwe kapiga simu asubuhi nikiwa stoo. Kasikia kutoka kwa bintiye kwamba kifua kimenibana. Kasema pole sana mwanangu, nisihangaike, yeye hana kazi kubwa huko kwake. Anakuja keshokutwa kuniuguza. Anakuja na masanduku mawili na mto wake wa kulalia! Nikauliza kwa heshima zote ni kwa siku ngapi. Kasema atakaa mpaka nitakapoweza kujitegemea. Shemeji kafurahi sana, anahama uani ili mama yake apate chumba. Anahamia sebuleni, kwenye kochi langu.

Nilihangaika mpaka saa sita mchana. Kisha wazo likanijia katikati ya kuhesabu bawaba, nikacheka peke yangu mpaka wateja wakageuka.

Ni rahisi mno! Nitamwonyesha mama mkwe kwamba mimi sijiwezi kwa lolote. Sijui kuchemsha maji, sijui kukata mkate, sijui hata chumvi inakaa wapi. Siku mbili tu atanichoka na kurudi kwake. Hauna kasoro mpango huu, nimeupitia mara tatu.