Herufi za Vifo Hazisomeki Chini ya Manda

Travnik, Jumanne

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaokimbizana na saa ya kwenda mitamboni. Mimi ni mzima. Uniwie radhi kwa mwandiko wangu mdogo. Unaukumbuka: kwa miaka thelathini na minne wapanga chapa wetu waliulalamikia, na mmoja alihama gazeti kwa sababu yake. Leo ni zamu yangu kulalamika.

Shauri lenyewe ni hili. Tangu Januari mmepunguza ukubwa wa herufi za matangazo ya vifo, na kwa kitendo hicho mke wangu, Mevlida, yu karibu kunyimwa jiko la nyumba yake.

Mama yangu, Bi Zulejha, ana miaka themanini na minne. Kila asubuhi ya Idi yeye ndiye hutengeneza sinia la kwanza la burek, pai yetu ya manda na nyama, na manda yake huivuta mwenyewe juu ya meza, kwa migongo ya viganja, mpaka ining'inie pande zote nne. Mwaka huu daktari amemkataza kwa ajili ya bega. Lazima mtu ashike nafasi yake, na Mama ana kipimo kimoja, kilekile alichopimwa nacho na mama mkwe wake: gazeti huingizwa chini ya manda, ukurasa wa vifo, na majina matatu yasomwe kwa sauti. Yakisomeka, kifimbo cha kusukumia kinabadili mikono. Yasiposomeka, Mama ataagiza sinia kwa dada yangu Safija, aliyeko Zenica, ambaye, naandika hili kwa masikitiko, hununua manda ya dukani, ya pakiti.

Mevlida naye ameshasema: "Sinia la Safija likiingia kwa mlango huu, mimi natoka kwa mlango huohuo." Nyumba yetu ina mlango mmoja. Idi ni baada ya siku tisa.

Ujue pia kwamba Mevlida ameolewa humu mwaka wa thelathini na moja sasa, ana wajukuu wawili, na Mama hajawahi kumwita kwa jina lake. Humwita "bi harusi".

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukubwa wa herufi. Nimepima kwa rula. Mwaka jana jina la marehemu lilikuwa na urefu wa milimita nne. Sasa ni mbili na nusu. Siku ya jaribio la kwanza Mevlida alivua pete ya ndoa kwa sabuni, kazi ya robo saa, ili isichane manda. Akavuta. Mimi nilisimama upande wa dirishani, na kupitia manda ile niliona maua ya kitambaa cha meza, hata uzi mmoja uliofumuka. Mama akainama.

"Mu... Mu... Nani huyu, bi harusi? Mustafa au Munira?"

"Si ameandikwa hapo, Mama."

"Ameandikwa nusu. Mtu hafi nusu."

Manda ikakunjwa, tukaila na viazi. Ilikuwa nzuri sana, lakini hilo si hoja.

2. Wino. Wino wenu mpya unaachia rangi ukiguswa na mafuta. Katika jaribio la pili, gazeti lilipotolewa, manda ilikuwa imebeba picha ya ukurasa wa jirani: diwani mmoja akifungua daraja. Mama alisema, "Manda nene hainyonyi. Hii imenyonya." Nilidhani ni sifa. Akaendelea: "Lakini mimi simli mtu ambaye sikumpigia kura." Mevlida akamjibu, "Basi toa sharubu, Mama, kilichobaki ni unga." Sharubu zilinifikia mimi, kwenye kipande cha tatu.

3. Uchelewaji wa habari. Hili linaniuma kama mwandishi. Jaribio la tatu lilikuwa jana, na majina yalionekana. Mama alisoma la kwanza vizuri, kisha akanyoosha mgongo. "Huyu hahesabiki. Nilikunywa kahawa matangani kwake Jumanne iliyopita. Hapa sisomi, nakumbuka." La pili akasema alikwisha kuliona kwenye karatasi ya vifo yenye ukingo wa kijani, iliyobandikwa kwenye nguzo mbele ya duka la mikate. La tatu vilevile. Ndugu Mhariri, gazeti tulilolijenga linashindwa na nguzo ya umeme.

Mevlida alinawa, akajaribu kuirudisha pete, kidole kikakataa. Pete ingali dirishani. Hili halimo katika malalamiko. Nalitaja kwa sababu ni kweli.

4. Kukosekana kwa ukurasa mbadala. Mama yangu ni mtu wa haki kila mahali isipokuwa jikoni. Nilimshauri atumie ukurasa wa michezo, ambao herufi zake ni kubwa kuliko akili za wachezaji. Alisema, "Huko sina ndugu."

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Herufi za vifo zirudi milimita nne. Wino ukauke. Na la tatu, ambalo nimelifikiria kwa utulivu: toleo la Alhamisi litoe kifo ambacho Mama hajakisikia, ambacho hakijafika nguzoni, cha mtu ambaye jina lake hawezi kulikosea. Nimepitia orodha ya watu anaowafahamu, nikatafuta aliye tayari kufa kwa siku moja bila masharti. Nimempata mmoja tu, naye naamini Mama atamhesabu kwa watatu.

Tangazo langu la kifo limeambatishwa. Naomba liwe la milimita kumi, wino mzito. Sababu ya kifo andikeni "ghafla", maana ni kweli kwamba sikukipanga kabla ya chakula cha mchana. Saa ya maziko msiitaje, majirani wasije wakatuletea kahawa na sukari ambazo itakuwa aibu kuzirudisha. Masahihisho yatoke Ijumaa, ukurasa wa pili, chini kushoto, mahali tulipozoea kuwarudisha watu duniani. Nimeambatisha pia ukurasa wenu wa vifo wa jana, niliouchorea vipimo, kuwa kielelezo.

Nisalimie wapanga chapa, yule bibi wa matangazo ambaye hajawahi kukosea umri wa marehemu, na mlinzi wa mlangoni, akiwa bado ananichukia. Mwambie dereva kwamba mwavuli wake ninao.

Wako katika kazi, kwa sasa nikiwa hai,

Rasim Kolonić
Mwandishi mstaafu

N.B. Nilikwenda chumbani kutafuta bahasha, barua hii nikaiacha jikoni. Niliporudi, Mevlida alikuwa amevuta manda mpya mezani, na Mama amelikosa gazeti kwa kuwa ukurasa wenyewe nilikuwa nao mimi. Alikuwa ameingiza chini yake karatasi ya kwanza aliyoiona. Nilimkuta akisoma, bila kukwama: "Mama yangu ni mtu wa haki kila mahali isipokuwa jikoni." Akanitazama. Akaendelea mpaka kwenye kifo changu, mwandiko huuhuu uliowashinda wapanga chapa na miwani yao, hakuruka hata nukta.

Akasema, "Mevlida, chukua hicho kifimbo umchape mwanangu. Mimi bega linauma."

Mevlida alisimama kidogo, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua. Kisha akakichukua. Nilipigwa mara moja, begani, si kwa nguvu. Kifimbo hakikurudishwa kwa Mama, na yeye hakukiomba.

Herufi ziacheni zilivyo. Tangazo langu lisitoke. Doa la mafuta katika ukurasa wa pili ni la manda. Ukiliinua kwenye mwanga, utasoma mpaka upande wa pili.