Vahan Nyuma ya Ukungu

Jumatatu, 6 Oktoba

Daktari amesema moyo wangu umechoka, nisipange mambo ya mbali. Vema! Nitapanga ya Ijumaa. Katika nyumba hii ya wastaafu wa studio za filamu za katuni za Burbank, anayekaribia kuondoka huonyeshwa filamu yake ya kuaga akiwa bado hai, ukumbini, baada ya chakula, ili asikie mwenyewe anavyosifiwa. Yangu natengeneza mimi. Nani mwingine angenisifu vya kutosha?

Naungama hapa, maana muda wa kuficha sina. Filamu hii ni kwa ajili ya mtu mmoja, Consuelo Barragán. Yeye alichora misitu na mawingu juu ya vioo, mimi nikavipanga mbele ya kamera, kimoja nyuma ya kingine, ili picha iwe na kina. Sasa binti yake anataka ahamie kwake Tucson. Jumapili Consuelo atatoa jibu. Akienda, nitakufa nikitazama kiti kitupu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata picha ya siku tulipomaliza filamu ya dubu. Consuelo yuko katikati, anacheka. Amemwegemea Vahan Terzian! Mimi niko ukingoni, sikio moja liko nje ya picha. Vahan anakaa chumba cha jirani, na mpaka leo ana nywele zake zote.

Mpango: nitatukata sote watatu kwenye kompyuta, kila mmoja awe tabaka lake, kama kioo chake mwenyewe. Mimi mbele, ubavuni kwa Consuelo. Vahan nyuma, milimani. Kamera ipite taratibu. Consuelo ataona alikuwa na nani siku zote, na Tucson ataisahau.

Jumatano, 8 Oktoba

Kazi tamu! Matabaka yetu yana kina cha kweli: kamera ikisogea, wa mbele anapita upesi, wa nyuma anajikokota, sawasawa na vioo vyangu vya zamani. Tatizo ni Vahan. Hata milimani anaonekana anatabasamu. Dawa yake ni kina cha kuigiza. Nitapaka ukungu kwenye tabaka bapa, lisilo na kina chochote, nilipachike katikati ya rundo la matabaka. Kwaheri Vahan.

Alikuja na chai yake ya mnanaa. Nikafunika kioo cha kompyuta kwa blanketi, nikamwambia natengeneza mawingu. Yeye alikuwa akitengeneza majina ya mwanzo wa filamu kwa kompyuta, kwa hiyo hujiona profesa. Akanionya kwamba tabaka bapa likiingia katikati ya yale yenye kina, linalikata rundo vipande viwili, na kilichopangwa juu yake kitachorwa juu yake, hata kikiwa kimesukumwa mpaka mwezini. Nikamshukuru, nikafunga mlango. Wivu mtupu. Kwenye vioo, kilicho mbali kilikuwa mbali, hakuna mjadala.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ukungu umewekwa. Kwenye orodha ya matabaka Vahan yuko juu ya ukungu na sisi wawili chini yake, lakini nimemsukuma mbali milimani, inatosha. Kompyuta inapika filamu. Sikuitazama. Enzi zetu filamu ilikwenda maabara nasi tukaenda kula, fundi hachungulii. Nimenyoa ndevu mara mbili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ole wangu.

Ukumbi ulijaa. Taa zikazimwa. Mimi na Consuelo tukatokea, ubavu kwa ubavu, tumezama kwenye ukungu kama nguo zilizosahauliwa kwenye povu. Na mbele ya ukungu, safi, anang'aa, Vahan! Mdogo kama kidole gumba, amesimama juu ya pua yangu. Kamera ikasogea. Sisi tukateleza pembeni, yeye yuko palepale. Akawa kama anatembea kutoka puani kwangu, akavuka hewani, akatua shavuni kwa Consuelo. Hapo filamu ikaisha, kambusu.

Watu walicheka mpaka muuguzi akaja kukagua mioyo. Vahan alilazimika kulala kwenye kochi kwa kicheko. Consuelo alifuta machozi, akanyoosha mkono kuomba kimya.

“Elwood,” akasema, “siku ile nilimwegemea Vahan kwa sababu kisigino cha kiatu changu kilivunjika. Ningekuegemea wewe. Ulikuwa umekimbilia keki.”

Kisha akataka filamu irudiwe.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwomba Vahan msamaha, kwa unyenyekevu, nimeshika kofia mkononi. Nimeapa kutogusa tena picha ya mtu kwa hila. Akasema yameisha, mzee mwenzangu, ila angependa nakala ya lile busu. Nimejisikia mwepesi, mtu mpya. Hivi ndivyo mtu anavyopaswa kufa.

Jumapili, 12 Oktoba

Haendi! Consuelo amempigia binti yake simu mbele yangu, akamwambia Tucson ni kuzuri, lakini huku kuna kichaa mmoja ambaye kazi yake haijaisha, na yeye anataka kuona mwisho. Akaketi kando yangu, akala mkate wangu wa siagi bila kuomba.

Mchana Vahan alipita. Ameniomba nimtengenezee filamu yake ya kuaga, mapema, kabla sijafa. Anasema ananiamini. Ombi lake ni moja tu: asimame karibu na Consuelo.

Nimempa nafasi hiyo, mtu akiahidi hutimiza. Wako bega kwa bega, hakuna ukungu popote. Mbele ya Vahan nimepanda mtende mmoja mnene. Huo una kina cha kweli.