Malalamiko juu ya Filimbi Iliyokosekana Siku ya Posa ya Bulonza

Bukavu-Nyawera, tarehe 12 Machi 1975

Citoyen Mtangazaji wa kipindi «Muziki wa Mbali»,

Nakusalimia kwa heshima, wewe na nyumba yako. Mimi ni mwalimu wa géographie na msikilizaji wako wa kila Jumamosi. Nalalamika juu ya ule wimbo wa Waingereza unaojaza upande mzima wa diski.

1. Wimbo huo tunaujua. Mimi na rafiki yangu Philémon (mu karatasi za serikali sasa anaitwa Bisimwa, maana majina ya kizungu yamekatazwa, lakini kwetu angali Philémon) tumeusikiliza mpaka sindano ikachoka. Ngoma zinapiga, zinanyamaza, kisha filimbi inaingia polepole kama mutu anayekuja kuomba radhi. Kwa ajili ya filimbi hiyo naacha hata chakula kipoe.

2. Jumamosi iliyopita watu wa kule Walungu walikuja kumposa dada yangu Bulonza. Redio ilikuwa inasema. Muzee Cirhuza, baba ya kijana, akasimama ili aanze maneno ya ngombe za mahari. Hapo wimbo ukaanza. Nikamwambia kwa adabu zote: «Papa, samahani, ukae kidogo. Filimbi iko karibu kuingia.» Masikio yake ni mazito, lakini alikaa. Nyumba nzima ikanyamaza.

3. Filimbi haikuingia! Ulikuwa umetupigia ule wa concert, waliourekodi mbele ya watu. Gitaa likaanza kutembea peke yake kama ngombe aliyekata kamba, Wazungu wakapiga makofi, mwimbaji akawasalimia, ngoma zikarudi mwanzo. Philémon, aliyekaa karibu yangu, macho yamefungwa, akaninong'oneza: «Huu ndio wenyewe. Mu diski wanaogopa kukosea. Huku wanacheza.» Nikamnong'oneza kwamba mwenye kucheza bila filimbi amepotea njia. Tukavutana hivyo, na wimbo ulikuwa bado.

4. Ilipokaribia nusu saa, Muzee Cirhuza aliangalia jua dirishani, akachukua kofia, akatoka na watu wake bila neno. Maman alilia. Bulonza hanisemeshi tangu siku ile. Chakula changu ananiwekea juu ya kiti cha veranda.

5. Kwa hiyo naomba utangaze mbele ya Kivu yote kwamba kimya chetu hakikuwa dharau, tulikuwa tunangojea filimbi. Tena uende Walungu wewe mwenyewe, diski halali kwapani, ukawaeleze wazee tofauti. Na nyimbo za concert zikatazwe mu redio mpaka kila musichana wa Bukavu awe ameolewa.

Unisalimie wote wa hapo: fundi wa mitambo, zamu anayelinda mulango, na citoyenne anayesoma matangazo ya vifo kwa sauti nzuri vile.

Wako mwenye uchungu na adabu,
Citoyen Mushagalusa

N.B. Bahasha ilikuwa imekwisha kufungwa wakati mujumbe alipofika kutoka Walungu; nimeifungua tena. Kumbe Muzee Cirhuza alidhani kimya kile ni sala ya nyumba yetu, akatoka taratibu asiikatize, maana camionnette ya mwisho ya kuwarudisha kwao ilikuwa inaondoka. Anasema hajaona bado ukoo wenye utulivu kama wetu, na amekubali yote. Arusi ni baada ya Pasaka. Bulonza ananisemesha tena: anakuomba siku ile upige wimbo ule ule wa concert, kwa sababu wa diski unaisha wageni hawajakaa. Tafadhali umupigie. Mimi nitangoja inje.