Mtungi wa Mkurugenzi

Idara ya Uhakiki wa Mababu ilitangaza, kwa furaha kubwa na vipaza sauti vitatu, kwamba kuanzia mwezi ule hakuna familia ya shamba itakayoruhusiwa kuwa na babu wala bibi asiyesajiliwa. Kila ukoo ungethibitisha vizazi sita. Ukishindwa, ardhi yake ingehesabika kuwa ya watu wasiokuwepo, na Idara ingeichukua kwa kuihurumia.

Waraka huo Mkurugenzi aliuandika mwenyewe, na kila akiusoma alijipenda upya. Waraka wa pili ulimpendeza zaidi: ofisa atakayefika Ijumaa bila mzee wa ukoo wa kumtambua aachie kiti. Huo aliutunga kumng'oa naibu wake, aliyesemekana hajulikani atokako. Yeye mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Alishautangazia mji mzima kwamba wazee wake walikuwa watu wa kasri, na ushahidi ulikaa pembeni mwa ofisi: mtungi mweusi aliorithi kwa bibi yake, umegongwa mhuri na kuandikwa Kielelezo Namba Moja.

Jumatano akaingia mfinyanzi, mama mnene mwenye udongo kwenye kucha, na nyuma yake ndugu tisa, maana kwao hakuna aendaye ofisini peke yake. Walikuja kutetea bonde lao la udongo. Bila bonde lile hakuna vyungu, na bila vyungu hakuna anayekula.

Mkurugenzi akauliza kama wale wazee sita wamejaza fomu. Mfinyanzi akaeleza kuwa walishakufa. Kufa si kosa, Mkurugenzi akamtuliza, ila walipaswa kuleta udhuru kwa maandishi.

"Hawakujua kuandika, baba."

"Basi wangeweka dole gumba."

Mfinyanzi akasema dole gumba hawakuweka, waliweka kucha. Kwao binti akifinyanga, kwenye kitako cha chungu hubonyeza alama za kucha kwa kila mama aliyemtangulia, kisha yake mwisho. Vyungu vyake yeye vina alama saba. Akatoa kimoja kwenye kapu.

"Chungu kisicho na mhuri ni chungu tu," Mkurugenzi alisema bila hata kukitazama.

"Na ule pale pembeni?"

Ule, alijibu akinyoosha tai, una mhuri, na chochote chenye mhuri wa Idara ni ushahidi ambao hata yeye hawezi kuupinga. Kifungu cha tisa.

Mfinyanzi akaupindua. Alama sita, zimepangana kama meno, na ya mwisho ni ya ukucha uliopinda anaoujua.

"Huu ni wa dada yake mama," alisema taratibu. "Yule aliyetoroka na fundi cherehani."

Hapo ofisi ikageuka kibaraza. Mmoja akasema si cherehani, alikuwa fundi viatu. Mwingine akakumbuka kwamba alitoroka na sufuria za watu. Shemeji mmoja akamzunguka Mkurugenzi, akamkagua kwa nyuma, akatoa taarifa kwamba masikio ya marehemu ni haya haya.

Karani, mtu wa wajibu, aliandika yote: vizazi sita, vimethibitishwa na kielelezo cha Idara yenyewe, bonde libaki kwa wenyewe. Akagonga mhuri. Kisha akauliza kwa adabu lile kasri aliandike safu ipi.

Mkurugenzi hakumsikia. Alikuwa ameikumbuka Ijumaa. Akashusha sauti, akamwita mfinyanzi "mama", akaomba amtilie sahihi kidogo tu hapa chini.

Mfinyanzi akamtazama kwa huruma ya kiofisi kabisa. "Kukutambua nitakutambua, mwanangu. Ila sisi shughuli zetu ni bondeni. Njoo kesho. Na udhuru wa bibi yako usiusahau, kwa maandishi."

Alhamisi asubuhi naibu alipita kule bondeni kwa bahati tu, na darubini. Alimwona bosi wake ndani ya udongo hadi magotini, tai begani, akikanda. Alikuwa wa kumi kwenye foleni, na mama mnene alikuwa ametoka kidogo, amekwenda kunywa chai.