Mabata Bukini Wetu na Nyumba Sitini na Mbili

Verlyn Dykhuis,
Mtaa wa Tulip,
Oosterlo, Michigan.
3 Machi

Kwa Mheshimiwa Joellen Postmus,
Mwenyekiti, Kamati ya Mipango ya Mji.

YAH: KUPINGA UJENZI WA NYUMBA SITINI NA MBILI KATIKA UWANJA WETU WA GOFU

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu za mtu aliyekufundisha shule ya Jumapili ulipokuwa na miaka saba, na ambaye tangu hapo hajakusumbua isipokuwa kwa zile barua kumi na moja za mwaka jana. Mimi na mke wangu Arlene tu wazima, theluji imeanza kuyeyuka, na tunamshukuru Mungu kwa yote mawili.

Nimesikia kwamba wenye uwanja wameamua kuuuza kwa kuwa wachezaji wamebaki kumi na tisa, na watatu kati yao hawatoki mgahawani. Nimesikia pia kwamba Kamati yako inataka zijengwe hapo nyumba za watu wa kawaida. Mimi si mpinzani wa nyumba. Ninaishi ndani ya moja. Lakini kila kitu kina mahali pake, na mahali pa nyumba ni pale zilipo tayari. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mabata bukini. Wako kama mia mbili kando ya kile kidimbwi cha uwanjani. Ni kweli kwamba kwa miaka ishirini nimewafukuza kwa ufagio, kwa king'ora na kwa mbwa wa kuazima, na kwamba mwaka jana niliiomba ofisi yako iwapige marufuku. Lakini ule ulikuwa ugomvi wa ndani ya nyumba. Mtu baki akija kumwondoa ndugu yako mnayegombana, utasimama upande wa nani?

2. Mandhari. Sijawahi kushika fimbo ya gofu maishani mwangu, lakini nimeipokea mipira yake. Dirisha la jikoni limevunjwa mara tisa. Mwaka mmoja mpira uliingia moja kwa moja katika supu ya njegere ya Arlene. Tulilalamika? Hatukulalamika. Tuliuopoa kwa kijiko tukaendelea kula. Sasa wakija wakazi wapya, watoto wao watavunja dirisha hilohilo kwa mipira ya besiboli, ambayo ni mikubwa na haina mila yoyote mtaani kwetu.

3. Msongamano wa magari. Sikutaka kuongea bila ushahidi, kwa hiyo Jumanne nilikaa kwenye kiti pembeni mwa barabara tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Yalipita magari matatu. La kwanza lilikuwa la posta. La pili lilikuwa la jirani yangu Wilma Brandsma akienda kutengeneza nywele. La tatu lilikuwa la Wilma akirudi, naye alisimama kuniuliza kwa nini nimekaa nje kwenye baridi. Nyumba zetu ni tisa tu. Zikiongezeka sitini na mbili, na kila dereva akasimama kuniuliza, nitaingia ndani saa ngapi?

4. Nafasi hii nilimwachia Wilma, aliyesema ana hoja nzito kuliko zangu zote. Ameondoka kwenda Florida kukimbia baridi na hakuniambia hoja yenyewe. Naomba ihesabiwe hivyohivyo.

5. Mkutano wa Alhamisi pale maktaba. Ulikuwepo, lakini nataka ibaki katika maandishi. Alisimama Bi Marisol Quintanilla, muuguzi wa zahanati yetu, akaeleza kwamba huendesha gari saa moja na dakika kumi kuja kazini, na muda kama huo kurudi, kwa kuwa mjini hapa hakuna nyumba anayoimudu. Alisema wanawe humwona wakiwa wamevaa nguo za kulalia tu, asubuhi na jioni. Nikaona ni wajibu wangu kumfariji. Nilimwambia barabara ile ni nzuri na gari lake lina redio. Sisi tunaoishi karibu tutaipata wapi nafasi ya kusikiliza mahubiri mazima?

Akasema, "Bwana Dykhuis, Januari moyo ulipokusumbua, mimi nilikuwa nimeshafika nyumbani. Nikageuza gari. Ulichoniuliza ni mbona nimechelewa."

Watu walicheka, jambo lisilo la heshima mbele ya mgonjwa. Bwana mmoja wa nyuma akasema, "Verlyn, kaa chini, bwana." Nilikaa, lakini nilikaa kwa kupinga. Nalalamika rasmi kwamba muuguzi huyo ana kumbukumbu nzuri mno.

6. Baada ya kutafakari tangu Alhamisi, nimegundua kwamba kosa si nyumba hizi sitini na mbili. Kosa ni nyumba kwa ujumla. Kila nyumba ya Oosterlo imejengwa mahali ambapo gofu ingeweza kuchezwa. Kwa hiyo napendekeza uwanja upanuliwe. Mashimo ya sasa ni kumi na manane; la kumi na tisa lichimbwe mbele ya kituo cha zimamoto, la ishirini katika maegesho ya kanisa, na la ishirini na moja ofisini kwako, ambako tayari kuna zulia la kijani. Wakazi wahamishiwe mji wa jirani, ambao nasikia una nafasi na hauna watu wa kuandika barua. Mimi na Arlene tutabaki kama walinzi. Watu wakiisha kuondoka, malalamiko nayo yataisha, na Kamati yako itafanya kazi kwa amani.

Nikiamini kwamba utalipima jambo hili kama mtoto aliyelelewa vizuri, naomba kuwasilisha. Nisalimie mumeo, mama yako, katibu wako anayenikatia simu kwa adabu, na wajumbe wote wa Kamati, hata yule aliyesinzia nilipokuwa nikizungumza.

Ni mimi, mtetezi wa nyasi,

Verlyn Dykhuis

Nyongeza: Kabla ya kuifunga bahasha nilimpa Arlene barua hii anisahihishie tahajia. Aliisoma yote, akaiweka mezani, akavua miwani. Kisha akaniambia kwamba wiki tatu zilizopita aliandikisha majina yetu tupate mojawapo ya nyumba hizo sitini na mbili, ya chini, isiyo na ngazi.

Tangu Novemba amekuwa akilala kwenye sofa sebuleni, nami nilijua ananikimbia kwa sababu ya kukoroma. Kumbe ni magoti. Ngazi zetu za kupandia chumbani ni kumi na nne na zimemshinda. Aliona heri nidhani nakoroma kuliko kuniambia tuiache nyumba ninayoipenda. "Na kukoroma unakoroma," alisema, "lakini hilo nimelizoea miaka arobaini na sita."

Nilikaa naye kwenye sofa kwa muda. Ni gumu sana lile sofa, sikuwa najua.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba upinzani wangu uandikwe kuwa ni wa nyumba sitini na moja tu. Arlene ananiuliza, tukiwa peke yetu katikati ya uwanja, tutacheza karata na nani. Basi andika sitini. Anasema wachezaji wanne hawatoshi, siku mmoja akiugua itakuwaje. Nimeamua kuiacha idadi wazi. Atakuja Jumatatu aijaze kwa mkono wake, na mimi ndiye nitakayemleta. Kama ofisi yako ina ngazi, tafadhali shuka wewe.