Walinzi Wanne wa Kompyuta Moja

Ifahamike kwa wananchi wote, waliopo na watakaozaliwa, kwamba kompyuta ya Ofisi ya Vizazi na Vifo ya Villa Tarapampa ndiyo salama kuliko zote katika nyanda za juu za Bolivia. Hivyo ndivyo lisemavyo Azimio Namba 17 la Meya Abelardo Ugarteche, na bango lenye maneno hayo lingali mlangoni, ingawa mvua ya mawe imeshaila kona moja.

Hoja ya Meya ilikuwa nyoofu kama rula. Mlinzi mmoja ni mzuri, basi wanne ni wazuri mara nne. Jumanne ya Kanivali kompyuta ikatiwa programu nne za ulinzi, na kila programu ikapata mzazi wake wa ubatizo, kama tunavyofanya hapa kwa kila kitu kipya, kuanzia lori hadi choo cha shule. Meya mwenyewe alitoa ya kwanza. Don Eleuterio mpika chicha, pombe yetu ya mahindi, akatoa ya pili, kapteni wa polisi ya tatu, na Doña Hortensia mwenye tanuri la mikate ya nne. Kompyuta ikafungwa tepe za rangi, ikanyunyiziwa kileo kidogo, bendi ikapiga hadi mbwa wakahama mtaa. Baada ya sherehe kama ile, kuiondoa programu ya mtu ni kumtukana hadharani, na tusi la namna hiyo kwetu hurithiwa na wajukuu.

Jambo moja dogo lilisahaulika: walinzi wenyewe hawakutambulishana.

Mzigo ukamwangukia karani, Casimira Yampara. Kwa miezi kumi na moja aliiwasha kompyuta saa moja asubuhi ili iamke saa tatu. Katikati hapo alifuma soksi. Hakuna mpwa wake aliyekosa pea sita.

Alhamisi moja ya Januari, Doña Saturnina, muuza uji wa mahindi ya zambarau, alifika dirishani na bintiye Remedios. Chuo cha ualimu mjini kilikuwa kimempa binti nafasi. Uandikishaji ulikuwa unafungwa siku hiyohiyo saa kumi na moja jioni, basi la mwisho lilikuwa linaondoka saa sita mchana, na kilichopungua ni cheti cha kuzaliwa tu.

Casimira akabofya kuchapa. Mlinzi mmoja akakikamata cheti. Mwingine akamkamata huyo. Wa tatu akawakamata wote, pamoja na wa nne. Kioo kikaganda.

"Kimekamatwa," alisema Casimira kwa sauti ndogo.

"Cheti cha mwanangu? Kwa kosa gani?"

"La kuzaliwa tarehe kumi na nne, nadhani."

"Basi nifungwe mimi, maana yeye siku hiyo alikuwa amelala tu!"

Casimira akamwita Primitiva, fundi wa simu mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Primitiva alitazama kioo, akacheka mpaka akashika meza.

"Nyinyi mna vituko! Sikiliza, dada. Kila mlinzi ana picha za wezi mfukoni, ndizo anazowatambulia. Mwenzake akimpekua, akizikuta, anapiga yowe: mwizi huyu! Kutwa wanapekuana hao, mlangoni hakuna mtu. Aachwe mmoja macho. Wengine walale, waamshwe mmojammoja siku ya ukaguzi, na kila mmoja aambiwe majina ya wenzake asije akawakamata."

"Nimlaze yupi? Wa kapteni? Nyumba yangu inatazamana na kituo. Wa Doña Hortensia? Kesho nile mkate wa nani?"

"Wa Meya, je?"

"Primitiva, nina watu wa kulisha."

Akampigia Meya simu. Meya alikuwa anapanda gari kwenda mjini kupokea Tuzo ya Mkoa ya Usalama wa Kidijitali.

"Suala ni nyeti," ilisema simu. "Linahitaji mashauriano mapana ya wadau. Subirini nirudi Jumatatu."

Doña Saturnina alisikia. Alitoka nje, akaubeba mtungi wake wa uji ukiwa unafuka moshi, akautua katikati ya barabara. Muuza viazi akaongeza magunia. Wa kabichi akaongeza kabichi. Mji huu ulishawaandikia mameya watano barua za malalamiko na haujajibiwa hata moja. Siku hizi hauandiki. Robo saa haikupita, barabara pekee ya kutoka hapa ilifungwa, na gari la Meya likasimama nyuma ya mlima wa mboga.

Akarudi ofisini kwa miguu, viatu vimejaa tope. Wale wazazi watatu wa ubatizo walikuwa wameshafika dirishani, maana habari hapa zina mbio kuliko umeme.

"Zima walinzi watatu!" aliamuru.

"Andika, Mheshimiwa," alisema Casimira. "Na jina la kila atakayezimwa."

Meya akaandika. Kwa maslahi mapana ya taifa, wa chicha, wa polisi na wa mikate walale. Abaki mwenye uwezo uliothibitishwa zaidi, yaani wake.

"Ahaa," alisema Don Eleuterio. Kapteni akavua kofia, akaivaa tena.

Primitiva akawalaza watatu. Kompyuta ikashusha pumzi, cheti kikatoka, kikapigwa muhuri. Remedios akakikumbatia. Hapo yule mlinzi wa Meya, aliyezibwa mdomo na wenzake miezi yote hiyo, akapata nafasi ya kusema, akajaza kioo kizima. Casimira akamsoma kwa sauti, kwani mtumishi wa umma hafichi tangazo:

"Muda wa majaribio wa siku thelathini ulikwisha zamani. Silindi chochote. Tafadhali ninunue."

"Ya bure?" aliuliza Doña Hortensia taratibu. "Mimi niliuza nguruwe wawili, wewe ukaleta ya bure?"

"Ilikuwa awamu ya kwanza ya mpango," alisema Meya.

Primitiva akamwondoa marehemu, akamwamsha mlinzi wa Hortensia, akamfundisha majina ya wale wawili waliolala. Kompyuta ikafanya kazi kama kompyuta za watu.

"Basi, suala limepatiwa ufumbuzi," alitangaza Meya akiwa nje. "Fungueni barabara."

Ikafunguliwa. Basi la saa sita likapita, Remedios dirishani, cheti kifuani, anapunga mkono na kulia. Kisha mtungi ukarudi katikati ya barabara, na magunia, na kabichi. Dereva wa Meya alikuwa ameshawasha gari.

"Mama Saturnina! Tuzo yangu inatolewa saa tisa!"

Doña Saturnina akachota kikombe cha uji wa moto, akampa kwa mikono miwili. Akamwonyesha nafasi kwenye benchi lililokingama barabarani. Don Eleuterio, kapteni na Doña Hortensia walikuwa wameshakaa hapo, wanapuliza vikombe vyao.

"Keti, Mheshimiwa. Ombi lako limepokelewa. Tumeunda kamati."