Kokoto Zangu, Magugu ya Watu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimedhalilishwa nyumbani kwangu kabla sijamaliza chai. Mama Watoto alisimama barazani na sare yake ya unesi, mkono kiunoni, akaikagua njia ya gari kutoka getini hadi ukuta wa jikoni. Akauliza kama hizo ni kokoto au ni malisho. Nikamjibu ni kokoto. Akasema yeye hazioni.

Kisha hukumu. Jumapili saa sita mchana atasimama palepale. Akiona jani moja la kijani, moja tu, kokoto zitazolewa na shemeji atakuja kupanga vitofali vya saruji. Shemeji ni mdogo wake, fundi wa vitofali, mwenye tabasamu la mtu anayengoja ufe arithi viatu vyako.

Hapana! Katika nyumba hii rangi ya ukuta alichagua yeye. Mapazia, yeye. Majina ya watoto wote watatu, yeye na mama yake. Kokoto ndicho kitu pekee nilichoamua mimi. Miaka sita nazikanyaga kila asubuhi, zinalia chini ya viatu, na mimi nasikia raha. Haziondoki!

Jirani yangu wa kushoto, niliyempa jina la Bwana Usafi, ana kokoto zilezile. Tulizinunua mwaka mmoja. Kwake hakuna gugu hata la dawa. Jioni akaniambia juu ya ukuta, bila kuulizwa, kwamba yeye hung'oa kila asubuhi, dakika tano tu, yakiwa bado machanga. Dakika tano! Ananiona mtoto. Mimi nimetunza ghala miaka thelathini na moja bila msumari kupotea, mtu anayeficha kitu namjua. Nimeshang'amua: magugu yake anayarusha kwangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Maji ya moto. Mpango mkali, hauna huruma. Kwa nini nichuchumae kama mtu aliyepoteza sindano wakati gesi ipo?

Nimechemsha ile sufuria kubwa mara tisa. Tatizo ni umbali. Kila nikifika getini maji yameshapoa. Safari ya tisa nikaamua kukimbia. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba mpaka hakiingii ndani ya ndala. Nilipiga yowe, Bwana Usafi akachungulia kuuliza kama kuna usalama. Nikamwambia naimba.

Kisha gesi ikaisha. Mama Watoto karudi kutoka kazini, kasimama zamu nzima, anataka kupika, mtungi mtupu. Tumekula mkate mkavu.

Magugu yanang'aa. Nimeyaogesha!

Jumatano, 8 Oktoba

Chumvi. Nusu gunia. Nilimwaga kwa mikono miwili huku nikiyataja moja moja: ndago, kishona nguo, na lile lenye maua ya njano ambalo silijui na sitaki tujuane. Nilijisikia mwepesi, kama nimelipiza kisasi cha miaka sita.

Saa nane ikanyesha. Wiki tatu mbingu kavu, leo ndiyo imekumbuka! Chumvi yote ikayeyuka, ikateremka. Njia yangu ina mteremko. Niliuchimba mwenyewe, nikaupima kwa kamba, nikawaonyesha wageni. Unaishia kwenye bustani ya bilinganya ya Mama Watoto.

Nimeamua kunyamaza. Huenda bilinganya hupenda chumvi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hazipendi. Miche yote kumi na miwili imelala chali. Mama Watoto aliitazama kwa muda, akachuma jani, akaligusa kwa ncha ya ulimi, kisha akanitazama mimi. Heri angenifokea, ningepata nafasi ya kufoka.

Magugu yote ni mazima.

Saa tisa shemeji akaja, eti kusalimia. Mtu wa kusalimia habebi futi! Akapima urefu, akapima upana, akaandika kiganjani. Kisha akaniuliza, kwa adabu zote, kama ningependa vitofali vyekundu au vya kijivu. Nikamwambia atoke getini kwangu. Akasema sawa, shemeji, vya kijivu havionyeshi uchafu. Nyongo ilinipanda hadi miwani ikaingia ukungu.

Kwa hasira hiyohiyo nikaingia vitani kwa mikono. Saa mbili nzima nang'oa, yale makubwa yote, kidole kinapiga kama ngoma. Sikuyatupa. Niliyalaza juu ya kokoto kwa mistari, mizizi juu, ili madogo yaone yanayoyangoja. Bwana Usafi akasema kutoka ukutani kwamba niyatoe upesi, kwani kishona nguo imeshakomaa na itamwaga mbegu. Nikamwambia kila mtu atawale kwake. Nikachukua reki, nikayaburuta maiti hayo kutoka getini hadi jikoni na kurudi, mara tatu, kama gwaride la ushindi.

Madogo hayakuonekana kuogopa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeamka na wazo safi. Kwa nini nihangaike kuua kitu ninachoweza kukifunika? Sharti la Mama Watoto ni jani lisionekane. Hakusema lisiwepo! Miaka yangu ya ghala haikupotea bure.

Nikampigia dereva wa lori la kokoto. Akauliza nataka zilizooshwa au ambazo hazijaoshwa. Nikamuuliza tangu lini mawe yakafuliwa. Akacheka, akasema ambazo hazijaoshwa zinaweza kufika saa nne asubuhi hii. Basi lete hizo!

Zimefika za kahawia. Nusu mawe, nusu udongo. Sikulalamika, rangi ya kahawia si kijani. Nimesukuma toroli kuanzia saa nne hadi jua linazama. Nimetandaza kina cha kiganja kizima. Mgongo haukunjuki. Mama Watoto alipita na kuuliza kwa nini mawe yananuka shamba. Nikamwambia hiyo ni harufu ya upya.

Shemeji alipita nje ya geti na baiskeli, polepole. Nilimpungia mkono kwa furaha mpaka akasimama.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeshinda! NIMESHINDA!

Saa sita kamili. Mama Watoto barazani, na shemeji pembeni yake kama shahidi, futi mfukoni. Mama Watoto alivaa hata miwani yake ya kusomea. Alitazama kulia, kushoto, chini ya ngazi, kando ya nguzo za geti. Hakuna jani. Akapumua, akasema yeye ni mtu wa neno lake, kokoto zibaki. Niliushika mkono wa shemeji, nikautikisa mpaka akaniomba nimrudishie. Kisha nikapanda ngazi ukutani, nikamtangazia Bwana Usafi matokeo. Akanipongeza. Mnafiki!

Saa kumi ikaanza mvua. Inyeshe tu. Nimekaa barazani na chai, naitazama mali yangu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Mama Watoto anatakiwa wodini saa moja asubuhi. Gari likarudi nyuma hatua tatu, likakaa. Likakaa kabisa, tumbo chini. Kokoto zangu mpya zilikuwa uji. Nilisukuma mimi, tairi zikazunguka, nikapakwa tope kuanzia nyusi hadi kile kidole. Akaja Bwana Usafi na mabuti yake ya mpira. Akaja shemeji. Wanaume watatu, gari halijatikisika.

Mama Watoto akashuka. Akavua viatu, akavishika mkononi, akatembea hadi barabarani katika sare nyeupe, tope hadi magotini. Miaka kumi na tisa ya kazi hajawahi kuchelewa. Leo wenzake wa zamu ya usiku wamemngoja, na wagonjwa wamengoja naye hayupo.

Kabla hajatoka aligeuka getini. Hakupandisha sauti. Akasema neno lake amelitimiza, jani hakuliona. Ila habari ya tope hatukuzungumza. Akamwambia mdogo wake: vya kijivu.

Nilitaka kupinga. Mdomo ulikuwa umejaa udongo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Vitofali vimekamilika. Siku nne shemeji amefanya kazi akipiga mluzi. Kokoto zangu zimeondoka kwenye lori la mtu mwingine, nami nimesimama getini nikiziangalia. Niliumia. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilihisi nimetolewa mimi kwa koleo.

Mama Watoto anaingia na kutoka na gari bila kelele yoyote. Jana aliniletea chai mwenyewe, akakaa karibu, akasema anajua nilizipenda. Alikuwa na huruma! Ningestahimili kila kitu isipokuwa huruma. Nilimwambia chai ina sukari nyingi.

Kila anayepita anasifia. Fundi bomba kasifia. Mama muuza mayai kasifia. Bwana Usafi amesema mahali pamependeza.

Leo mchana niliinama kufunga kamba ya kiatu, nikaona kitu. Kati ya kitofali na kitofali kuna ufa. Ndani ya ufa kuna mchanga tu.

Mchanga! Shemeji, nimekupata.

Jumanne, 4 Novemba

Naandika kwa hasira.

Kwanza mpango, ili haki ijulikane. Nilikwenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya ghala langu la zamani, nikajaza bahasha mbegu za kishona nguo. Nikazisukuma kwenye nyufa kwa njiti ya kiberiti, moja moja, kutoka getini hadi jikoni. Kila jioni nazimwagilia kwa birika, Mama Watoto anadhani naosha vumbi. Vitofali vikijaa kijani, dunia nzima itajua kwamba kosa halikuwa la kokoto. Itabidi waniombe radhi. Shemeji wa kwanza.

Siku ya tano zikaota! Vijani viwili viwili, vidogo, vya kupendeza. Nilipiga magoti kuviangalia. Asubuhi yake havipo. Nikapanda vingine. Vikaota. Havipo!

Leo nimeamka mapema kidogo. Nimemkuta Bwana Usafi amechuchumaa ndani ya geti langu, kijikopo mkononi, anang'oa. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, jirani, Mama Watoto amemruhusu. Akimaliza kwake anapita na kwangu. Haimchukui hata dakika tano.

Nilijua! Tangu siku ya kwanza nilijua huyu mtu ananihujumu!

Kesho naamka saa kumi na moja, niweke kiti hapo getini, niyalinde magugu yangu.